Niliiambia Kompyuta Ije Jumamosi

Leo nimeaibika mpaka masikio yakapata moto. Kanisani! Mbele ya pasta, mbele ya ndugu yangu siku ya harusi yake, na mbele ya mbuzi wawili waliofungwa nje wakingoja kuchinjwa. (Hata wao waliniangalia vibaya.)

Wacha nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati mtanihukumu bure.

Ndugu yangu Njeru na mkewe Agnes wameishi pamoja miaka arobaini. Mahari ilitoka zamani, watoto wakaja, wajukuu wakaja, lakini kanisani hawakuwahi kusimama. Mwaka huu Agnes akasema, "Sitaki kuzikwa kama mtu aliyekuja kutembea." Basi leo, hapa Siakago, ndoa ilikuwa ibarikiwe.

Sasa, kitinda mimba wao Munene ni mlinzi wa lango huko Qatar. Miaka sita hajakanyaga nyumbani. Mama yake ana kabambe, ile simu ndogo ya tochi. Sauti ya mtoto anaipata, sura haipati. Munene akaomba kazini, akapewa dakika ishirini. Mpango ukawa apige kwa video, atokee ukutani kwa projekta ya kanisa, awaone wazazi wakila kiapo, na mama amwone. Kilichokosekana ni kompyuta.

Nani ana kompyuta? Mimi.

Binti yangu Wanja, anayefundisha huko Kaaga, alinunua mpya akaniachia yake ya zamani. (Mimi niliacha shule darasa la nne. Si ujinga, mbuzi walinihitaji. Lakini kompyuta naifungua. Naangalia bei ya ndengu na video za fahali wakipigana.) Kwa mkutano wa harusi nikasimama nikasema, "Hayo maneno ya mtambo niachieni mimi." Hakuna aliyekuwa ameniomba nisimame.

Hii kompyuta, lakini, imenisumbua miezi mingi. Nikiifungua tu, kikaratasi kinatokea kwa kona: inataka kubadilishiwa mfumo, ijizime, ijiwashe, iwe mpya. Wanja aliniambia, "Baba, ikubalie siku huna kazi nayo. Ni kama kuchanja ng'ombe." Mimi nilikuwa nimeizoea vile ilivyo. Mtu akija kila asubuhi kukuambia anataka kukujengea nyumba upya na wewe hujalalamika, utamfanyia nini?

Kwetu Mbeere mgeni haambiwi hapana. Hapana ni neno la polisi. Unamwambia, "Baadaye." Akirudi, "Baadaye kidogo." Akizidi sana unampa siku kamili, na saa, siku ambayo wewe mwenyewe unajua hutakuwa nyumbani. Yangu ni Jumamosi, maana Jumamosi niko sokoni Kiritiri naangalia mbuzi. Mgeni akija anakuta mbwa. Hakuna aliyekataliwa, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Basi wiki iliyopita kompyuta ikazidi. Ikaniuliza nichague siku na saa. Nikacheka peke yangu. Nikaipa Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Njoo tu," nikaiambia.

Nikasahau kabisa. Ahadi ya namna hiyo haiwekwi kichwani. Na siku mbili baadaye pasta akatangaza kwamba ibada ya Njeru itakuwa Jumamosi, saa nne. Mimi hata sikushtuka!

Leo nikafika mapema na suti yangu ya kahawia. Nikaunganisha waya, picha ikatokea ukutani, watu wakapiga makofi. (Niliinama kidogo.) Kabla tu ya saa nne Munene akapiga. Sura yake ikajaa ukuta, dirisha hadi dirisha! Agnes akashika mdomo.

"Munene! Umekonda!"

"Sijakonda mama, ni kamera."

Kanisa likacheka. Pasta akafungua kitabu chake. Hapo kikaratasi kikatokea, na safari hii hakikukaa kwa kona. Kilikaa katikati ya paji la uso la Munene. Sikuwa na miwani (miwani yangu na hiyo suti haviendani). Nikajua ni yule mgeni wangu wa kila siku. Nikabonyeza upesi nimfukuze.

"Mama," Munene akaanza, "hiyo nguo ime..."

Ukuta ukawa mweusi. Kisha buluu. Kiduara kikaanza kuzunguka. Asilimia sifuri. Usizime kompyuta.

"Mzee Nyaga, kuna nini?" pasta akauliza.

"Inapumua tu."

Pasta ni mtu mwema. Akatoa simu yake kubwa. "Tumpigie kwa hii, mama amwone hata kidogo."

Nami nikakataa. Ndiyo, mimi! "Pasta, ataonekana kama picha ya kitambulisho. Ngojeni. Inakuja."

Ikakimbia mpaka thelathini. Kwaya wakaanza wimbo. Wakaumaliza. Thelathini. Wakaanza mwingine, wenye beti nyingi. Thelathini.

Njeru akaninong'onezea, "Nyaga, mtoto ana dakika ishirini."

"Najua."

"Zimebaki ngapi?"

Nikafumba macho. Nilikuwa naomba. (Sala ya mwenye makosa ni fupi sana.)

Mwalimu Mugo, aliyestaafu na bado ana macho ya mwewe, akasimama safu ya mbele. "Kile kikaratasi mimi nilikisoma. Kilisema muda uliochagua wa kubadilisha mfumo umefika. Mzee, ni wewe ulichagua?"

Ningedanganya. Lakini niko kanisani, na msalaba uko pale unaniangalia.

"Niliiambia ije Jumamosi," nikasema. "Nikijua nitakuwa Kiritiri."

Pasta akafunga kitabu chake polepole.

"Jumamosi."

"Ndiyo, pasta."

"Saa nne."

"Ndiyo."

"Na mimi uliponiambia nije kuombea boma lako Jumamosi saa nne? Nimekuja mara mbili, mzee. Nikasalimiana na mbwa."

Weee! Kanisa likapasuka. Ngari, jirani yangu, akapaza sauti kutoka nyuma, "Hata mimi! Nilikuja kuomba beberu!" Mama mmoja wa kikundi cha akina mama naye, "Na sisi alituambia tuje hiyo hiyo Jumamosi!" Kumbe nusu ya kanisa hukutana langoni kwangu. Wangeanzisha ushirika. Mke wangu Rosa akavuta kitambaa cha kichwa mpaka kikafunika macho.

Agnes peke yake hakucheka. Aliangalia kile kiduara, pale uso wa mtoto wake ulipokuwa.

Mwishowe ikafika mia, ikajiwasha. Lo! Ni kama urudi nyumbani ukute wamehamisha kitanda, jiko na mlango. Nikitafuta pa kupigia simu, sipaoni. Na ukutani kila mtu anautazama mshale wangu ukitangatanga kama mbuzi aliyepoteza wenzake.

Kabambe ya Agnes ikalia ndani ya mkoba. Akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mama, nimeitwa langoni. Mmeshabarikiwa?"

"Bado, baba."

"Basi endeleeni. Msiningoje."

Wakaendelea. Wakala kiapo bila yeye, na mimi nimesimama pale na waya mkononi.

Wakati wa nyama nikamfuata Agnes. "Shemeji, nisamehe."

Afadhali angenitukana. Alipangusa mikono tu, akasema, "Munene amesema wataweza kumpa dakika zingine. Nitavaa hii nguo tena, nije kwako, unioneshe mtoto."

"Siku gani, shemeji?"

"Jumamosi ijayo. Saa nne." Akanitazama machoni. "Utakuwa nyumbani?"

Njeru akaweka mfupa chini asikie vizuri.

Kwa hivyo watu wa Kiritiri, wiki ijayo mbuzi wenu mtawaangalia wenyewe. Mbwa nitamfunga. Na nyinyi mnaotaka kunicheka, njooni Jumamosi hiyo mnichekee nyumbani. Haki ya Mungu, nitakuwepo.