Ghala Lililogeuka Kibanda

Kwako Mama Meneja wa Benki,

Pokea salamu zangu na heshima tele. Mimi ni yule mkulima wa mahindi ambaye shamba lake mnalipiga mnada Jumamosi. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko manne tu:

1. Miaka mitatu iliyopita, mahindi yakiwa na bei, Bwana Mthamini wenu alikuja na kamba yake ya kupimia. Banda la kuku akaliandika "ghala". Choo akakiandika "jengo la kudumu". Nilifurahi mno, maana choo chetu kilikuwa hakijawahi kusifiwa na msomi. Kwa sifa hizo mkanikopesha, nikanunua ekari nne za jirani ili niwauzie matajiri wa mjini. Matajiri hao tunawasubiri hadi leo.

2. Bei ya mahindi ilipoanguka, alirudi na kamba ile ile. Ghala likawa "kibanda". Choo hakukiona kabisa. Nilimuuliza mke wangu kama amekihamisha, akasema asubuhi kilikuwepo. Thamani ya shamba ikabaki nusu. Kwa kuwa kamba ni yenu, naomba mnirudishie nusu iliyopotelea humo.

3. Mahindi yameshuka, shamba limeshuka, hata mimi suruali inanivuka. Deni peke yake linanenepa. Naomba Bwana Mthamini alipime na lenyewe, kwa kamba hiyo hiyo.

4. Kibao chenu cha "LINAUZWA" mmekisimika katikati ya maharage. Mama yangu mzazi hajui kusoma. Anadhani nimepewa tuzo ya mkulima bora. Kila asubuhi anakifuta vumbi. Nimeshindwa kumwambia ukweli, na hili linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo naomba mfute mnada. Mimi nami nimeapa mbele ya mke wangu: kununua ardhi kwa mkopo, basi tena.

Nisalimie keshia, mlinzi wa mlangoni, na Bwana Mthamini, macho yake yapone upesi.

Ni mimi mteja wenu mtiifu,
Mkulima wa Ekari Kumi na Nne

Tanbihi: Shemeji kaniletea gazeti sasa hivi. Kuna shamba linauzwa kwa bei ya kutupa: ekari kumi na nne, ghala, jengo la kudumu, maharage yanakaribia kukomaa. Naomba fomu ya mkopo haraka, kabla matajiri hawajafika. Mke wangu amesoma tangazo, anasema ni hili hili letu. Hata hivyo, fomu nitumie. Sikujua kama tuna shamba zuri namna hiyo.