Jinsi ya Kushindwa na Mzee Khubaib

Jumatatu, 8 Septemba

Miezi kumi na moja tangu nivae joho. Barua za maombi mia moja na nne. Majibu matatu, yote ya kunitakia heri. Moja lilimtakia heri Bi Cynthia. Simjui.

Mama amepiga simu kutoka Kaloleni. Anakuja Jumamosi na mke wa mchungaji kuona ofisi yangu. Ofisi ipi? Ile niliyomwambia mwezi wa tano kuwa nimepata, ya mambo ya bandari, yenye feni na kiti cha kuzunguka. Nilisema vile kwa sababu alikuwa mgonjwa na sauti yake ilikuwa ndogo sana kwenye simu. Akapona. Akasimama kanisani akatoa ushuhuda. Inasemekana watu walinipigia makofi.

Nimekaa kitandani saa nzima nikitazama ukuta. Shangazi Naomi, anayenihifadhi hapa Bondeni, aliuliza naumwa nini. Nikasema nafikiri. Akasema nifikiri huku nikimenya viazi, wateja wa viazi karai hawangoji msomi afikiri.

Jumanne, 9 Septemba

Habari! Mzee Khubaib wa Kibokoni, mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anatafuta karani wa kuhesabu makontena. Haijatangazwa popote. Aliyenipa habari ni Lennox, tuliyesoma naye darasa moja. Mtu anamwambiaje mwenzake jambo kama hilo na yeye mwenyewe anaitaka kazi? Huyu hafiki mbali. Kesho anapeleka karatasi zake ofisini, eti.

Karatasi kila mtu anazo. Mji huu kazi haiombwi ofisini, huombwa barazani, tena bila kuitaja. Baada ya sala ya alasiri Mzee Khubaib hukaa kwenye baraza ya nyumba yake na wazee wenzake, wakanywa kahawa chungu na kucheza dhumna. Nimekwenda. Nimemwamkia. Ameniuliza hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya mvua huko nyumbani, na hali yangu tena. Sikutaja kazi. Nilikaa pembeni nikatikisa kichwa kila alipocheza vizuri.

Kabla ya magharibi mwenzake mmoja akaondoka. Mzee akaniuliza kama najua dhumna. Nikasema kidogo tu. Uongo. Chuoni nilikuwa bingwa wa bweni miaka miwili, na pengine hilo ndilo lililoiharibu shahada yangu.

Mpango umekamilika. Nitashindwa. Hakuna mzee anayemwajiri kijana aliyemwaibisha mbele ya rika lake. Atakayemfurahisha kila siku ndiye atakayemtaka karibu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeshindwa mara tano. Kazi ngumu. Kushinda ni kucheza tu, lakini kushindwa bila kuonekana kunataka mtu ahesabu kete zote ishirini na nane kichwani, kisha atoe ile mbovu kwa uso wa mtu anayejitahidi.

Mara ya tano nilizidisha. Nilisema napita, yaani sina kete ya kuweka, nami nilikuwa na kete ya tano na mbili mkononi, na tano iko wazi mezani. Mchezo ulipokwisha Mzee akazifunua kete zangu. Akaishika ile, akaniuliza hii ni nini. Nikasema sikuiona. Baraza yote ikacheka. Nikamiminiwa kikombe cha pili cha kahawa nisichokiomba. Dalili njema.

Kisha akatokea Lennox na bahasha yake. Ofisini walimwambia Mzee yuko nyumbani. Akakaribishwa, akakaa, akamshinda Mzee Khubaib mara tatu mfululizo! Hakuona haya. Mara ya tatu wakabishana kuhusu hesabu, Mzee akisema alama kumi na tisa, Lennox akisema ishirini na moja. Nilimkonyeza Lennox mpaka jicho likatoa machozi. Wakahesabu upya. Ishirini na moja. Mzee akazikusanya kete. Nilimhurumia sana Lennox.

Alhamisi, 11 Septemba

Lennox amepata kazi.

Nilikwenda barazani nikidhani nimesikia vibaya. Mzee hakunificha. Alinikalisha karibu naye, akaongea pole pole akinitazama machoni: “Kijana, wewe una adabu, nami nakupenda. Lakini kete ilikuwa mkononi mwako, hukuiona. Sasa meli yaja na makontena mia mbili. Mato yako ntayaaminije?”

Nilitaka kusema niliiona. Lakini kusema niliiona ni kusema nilikuwa nikimchezea. Nikanywa kahawa yangu yote, na siipendi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimelala na viatu. Miaka minne ya chuo, mama yangu akipalilia mashamba ya watu ili nisome, na mtu wa kwanza kunipima amenipima kwa kosa nililolitengeneza mwenyewe kwa ustadi. Sina hamu ya chakula. Nimekula viazi vinne tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Lennox. Nikamwomba kiti chake. Saa moja tu, kesho, Mama akija. Alinitazama kama anayetazama mtu aliyeangukiwa na ukuta. Akakubali, akanipa na ufunguo.

Huyu bwana ni mjinga au ni mtu mzuri. Sijaamua.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama amefika na kuku wawili, kikapu cha korosho na mke wa mchungaji. Nikawapeleka ofisini. Feni ipo. Kiti kinazunguka. Nikakaa, nikazunguka kidogo, nikafungua daftari la makontena nikakunja uso. Mke wa mchungaji akapiga picha saba. Mama alikuwa akishikashika koti lililotundikwa nyuma ya kiti.

Ndipo Mzee Khubaib akaingia. Huwa haji Jumamosi! Aliniona juu ya kiti cha karani wake. Nikaacha kuzunguka. Nikangoja aniulize nafanya nini pale.

Hakuniuliza. Aliwageukia kina mama akasema karibuni sana, hapa ni kwenu, akaagiza kahawa na kaimati, akamuuliza Mama hali yake na hali ya safari. Mama akampa kuku mmoja. Akampokea kwa mikono miwili. Akamwambia Mama kuwa amezaa kijana mwenye adabu. Kuhusu kazi hakusema lolote, la uongo wala la kweli.

Alipokuwa akiondoka aliniita nje. Kumbe Lennox alimwambia jana kwamba chuoni hakuna aliyeniweza kwa dhumna. Mzee akasema anataka karani wa pili, meli zimezidi. Jumatatu asubuhi, barazani, mchezo mmoja. “Ucheze kikweli. Ukinishinda, kazi yako. Ukinichezea tena, usirudi. Si kwa hasira, mwanangu. Nataka mtu wa kunambia hesabu ilivyo hata kama siipendi.”

Nimeshindwa kulala mchana.

Jumapili, 14 Septemba

Mke wa mchungaji alirudi jana na picha zake. Mama amebaki. Baada ya kanisa tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na yeye tu. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba lile koti mabega yake ni mapana kuliko yangu, na mfukoni lina kitambulisho cha mtu anayeitwa Lennox.

Nikamwambia yote. Tangu mwezi wa tano. Nililia, sioni sababu ya kuficha, hili ni daftari langu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika sufuria moja. Kisha akasema: “Haya, Kombe. Kesho mshinde huyo mzee, nami nitaondoka nikijua uongo umekwisha.”

Nimeahidi.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa tatu. Baraza imejaa. Lennox ameomba ruhusa akaja kutazama. Mzee amechanganya kete, tumegawana saba saba.

Nilicheza kikweli. Naapa. Nilihesabu kila kete. Nilimfunga mara mbili, akakosa kete ya kuweka, wazee wakaguna. Ikafika nimebakiwa na kete moja, sita na tatu. Mzee amebakiwa na mbili. Mezani upande mmoja sita iko wazi. Kuiweka tu, basi. Kazi. Mama yuko kwa Shangazi, begi lake limefungwa, anangoja.

Nikamtazama Mzee. Mtu huyu alipokea kuku wa mama yangu kwa mikono miwili. Alinisitiri. Leo nimshinde mlangoni kwake, mbele ya watu aliokua nao? Na zaidi nikawaza: mtu mkubwa hasemi anachokitaka. Akikwambia usijisumbue, anataka usumbuke. Akikwambia nishinde, anakupima kama una haya. Hapo nikaelewa kila kitu. Moyo ukatulia.

Nikasema napita.

Lennox akatoka barazani. Mzee akaweka kete yake, nikapita tena, akaweka ya mwisho, akashinda. Akanyoosha mkono akaifunua mwenyewe ile yangu. Akaitazama kwa muda mrefu. Akazirudisha kete zote kwenye kijisanduku, moja moja. Akasema niende nikamsindikize mama, asichelewe gari.

Mama hakuuliza. Alinitazama usoni nilipoingia, akajifunga leso, akachukua kikapu. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari la Kaloleni. Alipokwisha kukaa akafungua dirisha, akanishika mkono. Akasema atawaambia kanisani nimepandishwa cheo, nimepelekwa Dar es Salaam. Huko mke wa mchungaji hawezi kunifuata. Alisema kwa sauti ya chini ili jirani yake asisikie, na macho yake hayakuwa makavu.

Gari likaondoka. Nilisimama pale mpaka utingo wa gari jingine akaniuliza kama nasafiri.

Nimewaza sana tangu mchana. Mzee aliponiambia niende alitumia sauti ya upole, na mtu aliyekasirika hatumii sauti ya upole. Nadhani ataniita kabla ya mwisho wa wiki.

Wakati nangoja, nimepata habari. Meneja wa kampuni moja ya samaki huko Liwatoni anatafuta karani wa stoo, naye jioni hucheza keram, ule mchezo wa kusukuma vidude ubaoni kwa kidole. Mimi keram sijui hata kushika. Namshukuru Mungu, kwa mara ya kwanza sina haja ya kujifanya. Kesho mapema nakwenda kushindwa.