Nimero ya Tumbo

Jumatatu, tarehe 1 Juni 1970

Baridi kali Likasi, lakini nimeamka na furaha. Ma Sœur Delphine, mkubwa wetu pale hospitali ya masista, ametangaza: mmoja wetu wawili wa gishe, dirisha la kupokea wagonjwa, atapelekwa Lubumbashi, kozi ya mwaka mzima ya kuandika magonjwa kwa nimero na kutengeneza fakture, hati za malipo. Diplôme! Biro, ofisi yangu yenye mlango! Atakayeandika vizuri fishi, kadi za wagonjwa, wiki hii ndiye atakwenda. Mimi, Séraphin, au Isidore. Nasema: mimi. Isidore ana mwandiko mzuri, basi. Na manukato mengi mno.

Kazi yenyewe si mchezo. Mgonjwa anafika gishe, anasema kinachomsumbua. Sisi tunatafuta nimero ya ugonjwa wake kwenye kitabu kikubwa cha Kifaransa, tunaiandika kwenye fishi. Nimero inaonyesha mgonjwa aende chumba gani, na mwajiri wake alipie kitu gani. Isidore anapekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, polepole kama padri. Foleni yake inasinzia.

Nilimweleza Marceline, mke wangu, tukila bukari. Akasema naye iko na neno la kuniambia. Nikamwomba angoje, sikuwa nimemaliza habari ya mlango.

Jumanne, tarehe 2

Nimepata akili! Watu wa hapa wanasema maneno yale yale: kichwa, mgongo, kifua, tumbo. Kwa nini kufungua kitabu kila mara? Neno moja, nimero moja! Kichwa na mgongo nilizipata mwenyewe. Tumbo ilinishinda, Kifaransa chake kina matawi mengi. Nikamwuliza Anne, mkunga wa materniti, kule wanakozalia: muntu akisema iko na tumbo, munaandika nimero gani? Akanitajia papo hapo, bila kufikiri. Nani anajua matumbo kuliko Anne? Siku nzima anayapapasa.

Marceline akaanza tena neno lake. Nikamwambia asinichanganye, nakariri. Akaenda kuosha sahani kwa kelele nyingi.

Jumatano, tarehe 3

Foleni yangu inakimbia! Isidore anatoa jasho, manukato yanazidi.

Halafu namwona nani dirishani? Marceline! Amevaa kitenge cha misa, amepanga foleni kama watu wote. Nikamwuliza amefuata nini kazini kwangu. Akasema kwa sauti, kila mtu akisikia: niko na tumbo. Niliona haya. Nikamwambia ile mboga ya sombe ilikuwa imelala, nilisema. Nikaandika nimero, nikaita anayefuata. Kazini sipendelei mtu, hata mke.

Anayefuata alikuwa Papa Germain, mlinzi wa gereza la Buluo, masharubu kama brashi ya viatu. Tumbo naye. Nimero ile ile. Pap!

Jioni nimemkuta Marceline analia na kucheka kwa pamoja. Nikauliza kama tumbo bado iko. Akajibu iko. Nikamfariji kwamba itapita. Akasema ndiyo, itapita mwezi wa kumi na mbili. Aka! Dawa gani hiyo ya miezi yote hiyo? Nikamshauri anywe maji ya moto. Akasema hataniambia tena, nitafute mwenyewe kwenye kitabu changu.

Alhamisi, tarehe 4

Mama yangu! Nimekwisha!

Ma Sœur Delphine aliniita. Mezani kwake, fishi zangu zote za tumbo. Papa Germain aliwekwa materniti asubuhi nzima, katikati ya wanawake, akatoka na bunda la nguo za mtoto wanazoshona masista kwa kila mama mjamzito. Kofia ndogo, soksi, vyote. Gereza limeombwa kulipia uzazi wake. Mwalimu Nicolas, mwenye minyoo, ameambiwa alalie ubavu wa kushoto. Nimero ile ni ya mimba! Mimi niliuliza habari ya wagonjwa, Anne akanijibu habari ya kina mama. Tumbo na tumbo!

Ma Sœur akasema Lubumbashi ataenda Isidore. Alinionea huruma, akaongeza kwamba kati ya matumbo yote fishi moja ilikuwa sawasawa. Nikapata nguvu kidogo. Nikauliza ni ya nani, nikamringie Isidore. Akaisukuma mbele yangu.

Marceline.

Nilisoma jina, nikalisoma tena. Tumeoana miaka minne. Mama yangu alikuwa ameacha kuuliza habari ya mtoto, na kule kuacha kuliuma kuliko maswali. Nikatoka mbio bila koti. Marceline alikuwa uani anatwanga sombe. Nikapiga magoti kwenye majani, nikalia vibaya, mpaka majirani wakatoka kuona nani amekufa. Akanifuta uso kwa kitenge. Akasema ndilo neno alilokuwa nalo tangu Jumatatu. Alikuja gishe kwa sababu alidhani labda pale ninasikiliza watu.

Nampenda mwanamke huyu. Sijui amenivumilia vipi.

Jumamosi, tarehe 6

Papa Germain amefika kwa baiskeli toka Buluo. Nilijificha nyuma ya mlango. Kumbe hakunitafuta mimi. Aliuliza yuko wapi mama mwenye tumbo la kweli, akampa Marceline bunda lote la nguo, akampigia saluti. Kisha akasema kwa sauti, akiuelekea mlango, kwamba tangu asubuhi ile ya materniti anawaheshimu wanawake sana, na wanaume wa gishe kidogo.

Jumapili, tarehe 7

Isidore amepanda treni. Nilimsindikiza. Niliumia, sitaficha, nilitaka sana ile biro. Halafu nikamkumbuka Marceline na tumbo lake, nikajikuta ninapungia mkono hata mabehewa ya mizigo.

Nimemwahidi Marceline kwamba sasa nitamsikiliza. Na nimepata akili! Mwanamke mwenye mimba anasema maneno yale yale. Miguu: kiti. Kichefuchefu: ndimu. Hamu: pemba, ule udongo mweupe wanaopenda kutafuna. Neno moja, jibu moja! Nimekariri yote.

Jioni hii tumekaa jikoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, moto unapendeza. Akanishika mkono, akalaza kichwa begani kwangu, akaanza kusema iko na hamu. Sikungoja! Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia anamalizia: yako. Ndiyo, yangu, nikamjibu, kazi hiyo ni yangu! Nikakimbia mpaka sokoni.

Nimerudi na pemba ya kutosha kupaka nyumba nzima. Marceline amecheka mpaka machozi, kisha amekula kipande kimoja huku ameniegemea. Ameshiba, anatabasamu. Mbinu inafanya kazi! Kesho ninawaandikia watu wa Lubumbashi.