Mkwe Mwenye Milango Miwili

Jumatatu, 1 Septemba 1997

“Gari la milango miwili ni la mtu asiye na ndugu.” Kasema Damas, mwalimu wa hesabu, leo saa nne, mbele ya walimu kumi na mmoja na birika la chai. Wote wakacheka. Uongo mtupu! Kwanza, ndugu hawaji kwa kuhesabu milango. Pili, nyumba ya Damas mwenyewe ina mlango mmoja, na ndugu wamejaa hadi jikoni. Tatu, mtu anayekuja kazini kwa baiskeli ya kuazima hana mamlaka ya kuzungumzia milango ya gari. Nilimwambia yote matatu. Akaniomba nimsogezee sukari.

Mambo yalivyo: Shaaban amefungua yadi ya magari barabara ya Kondoa. Nilimfundisha Siasa kidato cha tatu. Alipata sifuri, aliandika kwamba mnyonyaji ni mtoto mchanga. Leo yeye ana yadi, na mimi nafundisha Uraia, yaani Siasa ile ile iliyobadilishwa jina, kwa noti zile zile. Ana magari mawili ya Kijerumani, yametumika, yamepitia Dubai. Umri mmoja, bei moja, viti vya ngozi yote mawili. Moja jeupe, milango miwili, limeinama chini kama paka anayewinda. La pili rangi ya majivu, milango minne, sura ya karani. Kaniruhusu niyajaribu yote kwa kwenda na kurudi kazini kabla ya kuchagua. Anasema ni kwa heshima. Nadhani bado ananiogopa.

Dorothea, mke wangu, keshaamua. Minne! Sababu yake ni mama yake, aliyeko kijijini Haneti. Macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya hapa Dodoma Jumatatu ijayo, na jina la mama limo kwenye orodha. Asipofika saa moja asubuhi, nafasi anapewa mwingine. Hawarudi mpaka mwakani. Mjukuu wake wa mwisho ana miaka miwili na hajamwona uso. Namwelewa sana Dorothea. Lakini kumwelewa mtu si kukubaliana naye.

Nataka miwili. Sababu yangu siiandiki.

Jumanne, 2 Septemba

Naiandika.

Mwaka 1976. Ile amri ya Jumapili, ya kubana mafuta: ikifika saa nane mchana, gari binafsi marufuku barabarani. Nilikuwa mgambo, umri miaka thelathini, nimesimama kwenye kizuizi hapa Msalato na saa ya kuazima mkononi. Saa nane na robo likatokea gari jeupe la milango miwili. Bwana kilimo mmoja kwenye usukani, rafiki yake pembeni, na nyuma kabisa, msichana mwenye kitambaa cha kijani. Nikalisimamisha. Bwana kilimo akabembeleza, akatishia, akataja majina. Nikamsomea amri yote, pamoja na maelezo. Msichana akashuka. Akasema atatembea. Nikaacha kizuizi, nikampandisha kwenye karia ya baiskeli yangu, nikamwendesha hadi mjini. Barabara tupu. Hakuna injini, hakuna honi. Mlio wa mnyororo tu, na yeye akicheka kila nikipita shimo.

Wakati ule mtu alikuwa hana kitu, na Jumapili yote ilikuwa yake!

Huyo ndiye Dorothea. Na tangu siku ile gari jeupe la milango miwili halijanitoka kichwani. Nililikamata kwa niaba ya wananchi. Sasa zamu yangu kulipanda.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya kwanza na gari jeupe. Nilikwenda kazini nikiwa na dirisha wazi. Vijana wa kidato cha nne walipiga makofi. Sikuwakemea.

Mchana likaja la kuja. Luka wa jiografia aliomba lifti. Luka ni mtu wa kilo mia na kitu. Nilidhani milango miwili itamkatisha tamaa. Nakiri, hiyo ni moja ya fadhila za gari hili. Haikumkatisha. Mwalimu mkuu alikwisha kaa mbele, hivyo Luka akakunjiwa kiti, akaingia nyuma kwa kichwa. Tulipofika kwake hakutoka. Alijaribu kwa mguu, akajaribu kwa mgongo. Mwalimu mkuu alisimama juani dakika ishirini akishika mkoba wake. Damas akapita na baiskeli. Alisimama makusudi. Akamuuliza Luka kama aletewe chakula cha jioni humo humo.

Luka alitoka hatimaye. Kifungo kimoja cha shati kimebaki ndani. Nimemwambia asiporudi kukichukua ni changu.

Alhamisi, 4 Septemba

Zamu ya gari la majivu. Nataka niwe mwadilifu, kwa hiyo naorodhesha ubaya wake. Linawaka mara moja, hakuna mvuto. Halitingishiki, mtu hajui kama anasafiri. Kila mtu anaingia na kutoka bila kuomba msaada wangu. Asubuhi nilibeba walimu wanne. Jioni nilibeba waimbaji wa sauti ya pili wa kwaya, magunia mawili ya mkaa ya jirani, na mbuzi ambaye mpaka sasa sijui ni wa nani. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna hata aliyegeuka.

Dorothea alikaa nyuma peke yake tukitoka sokoni, akanyoosha miguu, akalala. Alipoamka akasema, “Baba Elieth, hili ndilo.” Nikamwambia kwamba usingizi si hoja. Akajibu kwamba kwa mtu aliyesimama zamu ya usiku wodini, usingizi ni hoja ya kwanza.

Jibu lake lipo. Nitalipata.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepata mpango badala ya jibu.

Jumapili tunakwenda Haneti kumchukua mama. Nikienda na gari jeupe, mama akafika salama, hoja ya Dorothea imekufa. Gari lililombeba mama mkwe haliitwi la mtu asiye na ndugu! Kwa hiyo nimepita kwa Shaaban, nikamtaka amwambie Dorothea kwamba la majivu limekwama gereji. Akakuna kichwa. Akasema, “Mwalimu, wewe ndiye ulitufundisha kusema kweli.” Nikamkumbusha kwamba alipata sifuri.

Amekubali. Amemwambia Dorothea. Dorothea kanitazama muda mrefu, kisha akafunga vitenge vyake. Ushindi.

Jumamosi, 6 Septemba

Si ushindi kamili. Gari la majivu halikufichwa gereji. Kwa kuwa mimi silihitaji, Shaaban amempa Damas ili alijaribu! Nimemwona kwa macho yangu, Damas, kiwiko dirishani, anapita mbele ya kanisa polepole kama maandamano. Akapiga honi. Mara mbili.

Baiskeli ameirudisha kwa mwenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ndefu. Sijaoga bado, lakini historia haingoji mtu aoge.

Tuliondoka saa nne. Njiani nikamkumbusha Dorothea kizuizi, kitambaa cha kijani, karia. Nikasema: uliacha starehe ya gari jeupe ukachagua baiskeli ya mtu maskini, kwa sababu ulikuwa na msimamo. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema hakuna cha msimamo. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma tangu asubuhi, magoti yakiwa kidevuni, na nikalisimamisha gari wakati anamwomba Mungu lipate pancha. Angeshukia hata kwenye punda.

Miaka ishirini na moja! Nikabadilisha gia bila sababu.

Haneti. Watu wametoka kutupokea. Sila, mdogo wake Dorothea, dereva wa trekta, akalizunguka gari mara mbili. Akauliza, “Shemeji, nusu nyingine inakuja lini?” Nikampuuza.

Mama akaletwa, ameshikwa mkono na shangazi yake Dorothea, mwenye mkeka na kuku, tayari kumsindikiza hospitali. Na hapo ndipo nilipoona nilichosahau. Mimi, msomi, mtu wa takwimu! Kwao Dorothea mkwe hamsogelei mama mkwe. Hawapeani mkono. Hawapishani mlangoni. Miaka yote hii nimemsalimia mama kwa hatua sita, nikitazama pembeni, naye akiitikia akitazama kwingine. Mimi ni mtu wa Busi, si wa Haneti, na nimewahi kuandika kurasa tisa kuonyesha kwamba mila hii imepitwa na wakati. Lakini kurasa tisa hazikuwepo pale. Mama alikuwepo.

Akae mbele? Mkono wangu wa gia uko pale pale kando ya goti lake. Shangazi akafunika uso. Akae nyuma? Lazima ainame, apite penye upenyo wa shibiri mbili, haoni, na anayejua kukikunja kile kiti ni mimi peke yangu. Tena akishakaa, magoti yake yanaegemea mgongo wangu hadi Dodoma. Wazee wakaomba niwaonyeshe kwa vitendo. Nikakunja kiti. Wakainama kutazama. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama fundi wa gari hili hakuwa na mama mkwe.

Nikasema tuwe watu wa kisasa. Nikataja maendeleo. Ndipo mama mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo, akitazama upande ambao hakuna mtu: basi abaki. Giza amelizoea. Heshima hajazoea kuikosa.

Dorothea hakunifokea. Alinitazama tu, machozi yamemjaa, na midomo ikisema neno “gereji” bila sauti. Anajua. Alijua tangu Ijumaa.

Nilimpa Sila ufunguo.

Sila kwenye usukani, mama kando ya mwanawe, Dorothea na shangazi nyuma pamoja na kuku. Nafasi ya tano haipo. Sila alianza na gia ya tatu, akalishika gari kama analima. Likaruka mara mbili, likaenda. Nikabaki Haneti na mkoba wangu. Saa nane kamili mchana, Jumapili, na mimi sina gari! Serikali ya 1976 ingenipongeza.

Saa kumi nikapata lori la alizeti kutoka Kondoa. Juu ya magunia. Vumbi, jua linashuka nyuma ya vichaka, mbuga yote ya rangi ya chungu kipya. Kijana tingo akaniambia, “Mzee, shika kamba.” Nikashika. Nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tunasafiri hivi hivi kwenda kufungua madarasa ya watu wazima, tunaimba njia nzima, na hakuna aliyeuliza gari lina milango mingapi. Lori halina hata mmoja. Nikaimba kidogo. Tingo akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 9 Septemba

Mama alifika jana saa kumi na mbili na nusu, wa kwanza kwenye foleni. Jicho la kulia limefanyiwa. Leo asubuhi wamefungua bandeji.

Nilisimama mlangoni mwa wodi, hatua sita, natazama ukuta. Dorothea alikuwa na yule mjukuu mdogo mkononi. Mama alimtazama. Akamshika masikio, akamgeuza huku na huku kama anayechagua kibuyu. Akasema ana pua ya babu yake. Kisha nikasikia anauliza yule mtu wa mlangoni mwenye mvi ni nani. Dorothea akamwambia ni mkwe wako. Mama akasema, “Yule kijana wa baiskeli? Maskini. Amechakaa namna hii na hakuna aliyeniambia.”

Nilitoka nje. Vumbi la hospitali lile ni kali sana kwa macho.

Baadaye wakamsogeza dirishani. Akaliona gari jeupe chini ya mti, limeoshwa, linang'aa. Akasema, “Zuri.” Dorothea anadai mama aliendelea na sentensi. Mimi nilisikia hadi hapo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimenunua. Miwili!

Nimepima pande zote bila upendeleo. Dhidi yake: Luka hatoki, Dorothea magoti, mama haingii. Kwa ajili yake: shahidi aliyekaa gizani muda wote ule, kitu cha kwanza kukiona nje ya dirisha alikiita zuri. Mahakama gani itampinga? Dorothea amesema atakuwa anakwenda kazini kwa miguu, kwa afya yake. Nimempongeza.

Damas kanunua la majivu. Sina neno. Kila mtu na kiwango chake.

Mama anaruhusiwa Jumamosi. Sila amekwisha rudi kwenye trekta lake. Kwa hiyo nimeandika tangazo, na kesho asubuhi nalibandika ubaoni, chumba cha walimu:

“Kwa walimu wote wenye magari ya milango minne, yaani Damas. Nakutaka ufike hospitali Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, tenki likiwa limejaa na kiti cha nyuma kimefutwa vumbi. Utampeleka mama mkwe wangu Haneti, pamoja na shangazi na mkeka, polepole, bila sigara na bila hesabu. Mimi nitatangulia na gari langu, peke yangu, kukuonyesha njia.”