Nyati Wanaolenga Jicho la Kulia

Ngo!

Sauti ya bati kugonga kitu kisicho bati. Hilaria alifumbua macho gizani, akapapasa kitanda: mtoto yupo, mume hayupo. Akawasha kibatari. Filbert alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mchi wa kinu begani mithili ya bunduki, na juu ya mchi kafunga kikombe cha bati kwa kamba ya mgomba. Kwa mkono mmoja anausugua unyusi.

"Baba Justina, kulikoni?"

"Mazoezi, mama. Kikombe ndiyo darubini. Nilitaka kuonja hilo teke la bunduki lenyewe." Akacheka. "Yule bwana Pembe wa kijiweni kanielekeza. Nyati akiwa juu ya mteremko, mimi nilale chini ya mibuni, jicho niligandishe kwenye darubini nisione kingine duniani."

Hilaria alilitazama jicho lile. Ndilo lililomkonyeza miaka sita iliyopita, kwenye foleni ya maziwa pale misheni. Hakuwa tayari kumgawia nyati.

Nyati huyo alikuwa ametoka msituni siku tatu zilizopita, akajimilikisha kihamba cha bibi Magdalena, shamba lake lote, migomba kwa mibuni. Bwana Nyama, afisa wanyamapori wa wilaya, alifika mbiombio, akaacha bunduki nzito yenye darubini, risasi mbili na fomu, kisha akakimbilia tembo wa kijiji kingine. Kijiji kikamchagua Filbert kwa kuwa ni mgambo. Wengine waliokuwa mgambo siku hiyo waliumwa matumbo.

Kulipokucha Filbert akapanda mlimani, Hilaria akafungua kibanda chake cha kahawa kando ya mashine ya ushirika ya kumenya buni. Wazee wa benchi walikwisha kaa. Sukari ilikuwa haionekani madukani mwaka ule, kwa hiyo walikunywa kahawa chungu, wakaitia utamu kwa maneno.

"Mmesikia?" Huyo ni Melkior, wanayemwita Redio, maana hazimwi. "Mgambo wa Masama juzi kapigwa na nyati! Na mnajua wapi? Juu ya jicho la kulia!"

"Kama Pembe wetu!"

Primus, jina la kijiweni Pembe, akaligusa kovu lake taratibu. Kovu zuri, la mviringo nusu, kama mwezi mchanga juu ya unyusi. Miezi mitatu sasa anasimulia alivyopambana na nyati uso kwa pembe, na miezi mitatu hajalipia kikombe.

"Na yule wa Uru, mwezi uliopita?" Redio akaendelea. "Jicho la kulia! Jamani, hawa nyati wanafundishwa! Elimu ya watu wazima imefika mpaka msituni!"

"Wanasoma jioni," Pembe akaunga mkono kwa uzito wa mtaalamu. "Nyati wa zamani alikuwa anapiga popote. Wa siku hizi ana malengo."

"Ana mpango wa miaka mitano!"

Benchi likacheka mpaka likalia. Aliyecheka zaidi alikuwa chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajitokeza na kilemba chake na grisi mpaka kwenye ndevu: Kuldip, fundi kutoka mjini, wao wanamwita Spana.

"Mimi nimefungia wawindaji darubini pale Moshi miaka kumi na tano," alisema akijifuta mikono. "Nyati mwenye pembe ya duara bado sijakutana naye."

"Fundi, wewe shughulika na mashine," Pembe akamkata.

Lakini Hilaria alikwisha weka birika chini. "Shemeji Pembe, hebu nisaidie kuelewa. Nyati alikuja mbio?"

"Mbio kama lori limekatika breki!"

"Akakupiga kwa pembe."

"Kwa pembe, shemeji! Puu!"

"Halafu akachana ngozi nusu kidole, safi kama kwa wembe, na kichwa akakuachia?"

Pembe akajiweka sawa kwenye benchi. "Alinigusa tu. Kwa adabu."

"Yesu na Maria, nyati mwenye adabu!" Redio akapiga paja.

Hilaria akachukua kikombe cha kahawa kitupu, akakigeuza, akaweka mdomo wa kikombe juu ya kovu la Pembe. Kikakaa sawasawa, kama kifuniko na chungu chake.

"Darubini ya bunduki ile," Spana akasema polepole, "ina mdomo kama huo."

"Shemeji," Hilaria akasema, "hadithi yako nimeinywesha kahawa miezi mitatu, wala sidai. Lakini baba Justina yuko kule juu, anajiandaa kulala chini kama ulivyomfundisha. Niambie ukweli. Ni nyati, au ni bunduki?"

Pembe akatazama mlima. Akatazama viatu. "Nyati hata hakuniona," akasema. "Nilifyatua bunduki hiyohiyo ya Bwana Nyama, nikaona nyota mchana kweupe. Nilipozinduka, uso damu tupu, na yeye anamalizia mgomba. Akaondoka zake, wala hakuharakisha."

"Mae!" Redio akashika kichwa. "Na habari yako nimeitangaza mpaka Himo!"

"Sasa ulimfundishaje mwenzio kosa lilelile?" Hilaria akauliza.

"Ningemwambia asilale, angeuliza kwa nini. Ningemjibu nini? Kwamba shujaa alipigwa na bunduki yake mwenyewe?"

Spana alikuwa tayari ameshika ufagio kama bunduki. "Sikiliza. Ukisimama, teke likija mwili unakwenda nalo nyuma. Ukilala, mwili hauna pa kwenda, darubini ndiyo inakuja kwako. Na ukilenga juu ya mlima, ndiyo kabisa, unainyoosha shingo mwenyewe kuifuata. Basi asimame. Kitako cha bunduki akibane kwenye bega hasa, asikiache kielee. Kichwa nyuma. Kati ya jicho na darubini, vidole vinne."

"Vidole vya nani?" Redio akauliza.

"Vyake! Au umwazime vyako?"

"Nani anakwenda kumwambia?" Hilaria akauliza.

Ghafla kila mtu akawa na kiu ya kahawa.

Hilaria hakungoja. Alimnyanyua Justina, akambeba mgongoni, akaikaza kanga. Pembe akamwona anaelekea njia ya mlimani, akasimama kama aliyekalia siafu.

"Kaa, shemeji! Kule kuna nyati!"

"Najua."

"Basi... basi naenda mimi!" Akatimua mbio na makobazi yake ya tairi, akikariri kwa sauti, "Simama! Bega! Vidole vinne! Simama! Bega! Vidole vinne!" mpaka migomba ikammeza.

Wakangoja. Hilaria alisimama palepale katikati ya njia, mtoto mgongoni. Birika lilichemka likamwagikia moto, hakuna aliyelijali. Hata Redio alizima.

Mlio ulipokuja ulitikisa mabati ya ushirika. Mmoja tu.

"Moja," Redio akanong'ona. "Ni dalili njema. Ingekuwa mbaya angepiga ya pili."

"Au asingeweza kuipiga," Spana akasema, kisha akatamani kuyarudisha maneno kinywani.

Hilaria alikuwa amekwisha ondoka mbio. Alipanda, akateleza kwenye tope la mfereji, akainuka, akapanda. Kwenye kona ya kihamba cha bibi Magdalena akakutana na Pembe anashuka, mikono juu.

"Kaanguka! Nyati chini! Mimi ndiye niliyemwelekeza!"

Nyuma yake alikuja Filbert, bunduki begani, anatembea taratibu. Hilaria akamshika uso kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya unyusi mmoja, kisha wa pili.

Redio akafika akihema, akamgeuza Filbert kichwa kuelekea jua, akamkagua.

"Hana hata mkato!" akalalamika. "Filbert ndugu yangu, sasa nani ataamini kuwa ulipiga? Mgeni akija tumwonyeshe nini?"

Justina akachungulia juu ya bega la mama yake, akanyoosha mkono, akamgusa baba yake usoni.

"Baba ana macho mawili," akasema.