Mama Mkwe Kwenye Kioo cha Saluni

Wadau, nina baka jeusi shavuni, halitoki kwa sabuni, na ukoo mzima wa mke wangu umeanza kuniita Shija. Nimeaibika leo kiasi kwamba nimerudi nyumbani kwa kupitia nyuma ya soko. Acheni nisimulie mwenyewe kabla video haijawafikia.

Mnanijua, mimi Limbu ni mchoraji. Kuku kwenye ukuta wa mgahawa, kichwa kilichonyolewa kwenye mlango wa kinyozi, ng'ombe wa bucha. Ndiyo kazi inayonilisha hapa Bariadi. Ila moyoni mimi ni mtu wa sura. Usiku nikipata bando naangalia Wahispania. Majina yao siyaandiki hapa, maana nikiyatamka mke wangu Wande anacheka mpaka anakaa chini. Lakini wale watu jamani walijua kuchora.

Kuna mmoja wa zamani sana, alikuwa mchoraji wa nyumba ya mfalme. Alichora chumba kikubwa, binti mfalme na wahudumu wake katikati, mbwa amelala, na yeye mwenyewe mchoraji amesimama pembeni na brashi yake. Mfalme na malkia wako wapi? Kwenye kioo kidogo, ukutani kule nyuma. Basi. Wenye nchi yao wanaonekana kwenye kioo tu. Siku niliyoiona hiyo picha niliacha ugali ukapoa. (Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ningekula tu ugali.)

Sasa sikilizeni kuhusu mama mkwe. Kwetu Usukumani mkwe haangaliwi usoni wala hatajwi jina. Unaongea naye umegeuka, au unamtuma mkeo. Akiingia mlango huu, wewe unatoka ule. Mimi ni kijana wa mjini lakini kwenye hili nafuata, tena nafuata kwa woga, kwa sababu mama huyu hakutaka binti yake aolewe na mtu wa kupaka rangi. Kwa hiyo tangu nioe, mama mkwe namjua kwa miguu. Niwekeeni ndala zake kati ya ndala za kanisa zima, nazitoa.

Na ana pacha. Yeye ndiye Kulwa, mdogo wake ni Doto, anakaa Mwandoya. (Nimeshataja jina la mkwe. Leo sina tena cha kuficha.) Wanafanana kama sahani mbili za seti moja. Wanaowajua wanawatofautisha kwa baka. Kulwa ana baka jeusi shavu la kulia, Doto analo la kushoto. Hilo watu wote wanalijua, isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa miguu.

Siku ya harusi yetu MC alimwita mama wa bibi harusi aje avikwe blanketi lake la heshima. Akainuka Doto. Akavikwa, akacheza, akapigiwa vigelegele, akaondoka na blanketi mpaka Mwandoya. Alisema alidhani ni utani wa MC na yeye akauitikia. Mama mkwe hakuuona utani. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

Mwaka huu mama mkwe aliugua, akafanyiwa upasuaji. Alipokuwa wodini alimwambia Wande neno ambalo Wande alinisimulia huku analia. "Nikifa, wajukuu watamwangalia Doto wadhani ndiyo mimi." Akapona, tunashukuru Mungu. Lakini lile neno halikumtoka. Akataka picha. Siyo ya simu. Alimwambia Wande kwamba ya simu hata mwenye haraka anapiga, yeye anataka akae kwenye kiti achorwe, kama hao wafalme ambao mumeo anawaangalia usiku.

Tena akaweka ahadi. Ana fremu, chumba cha duka pale sokoni, imefungwa tangu mpangaji ahame. Ufunguo wake anaufunga kwenye pindo la khanga. Akamtuma Wande aniambie: "Nikijiona mwenyewe pale kwenye picha, ufunguo ni wake."

Wadau, mimi nachorea kwenye kibaraza cha watu. Mvua ikinyesha naweka rangi kichwani nakimbia. Niliposikia fremu, nilikosa usingizi.

Lakini unamchoraje mtu usiyeruhusiwa kumwangalia? Ndipo nikamkumbuka yule Mhispania wangu na kioo chake. Nikaenda kuazima kioo kikubwa cha saluni ya jirani. Nikamtuma Wande akapeleke hoja kwa wazee. Mjomba Maduhu, kaka yake mama mkwe, ndiye msemaji wa ukoo. Alifikiri sana, halafu akatoa hukumu.

"Kioo siyo uso. Achore."

Basi. Mama akakaa sebuleni kwenye kiti chake. Mimi nikakaa mbali, nimempa mgongo, kioo kiko mbele yangu, na ndani ya kioo yupo mama mkwe. Nikamwona kwa mara ya kwanza. Jamani, ana sura nzuri mama yule. Ana macho ya mtu aliyechoka lakini hajakubali. Nilichora kwa furaha. Kila mkunjo niliuweka. Na baka nikaliweka palepale nilipoliona, kwenye kioo.

(Kila siku najipiga selfi nikiwa nimevaa fulana yenye maandishi. Kila siku maandishi yanatokea kinyumenyume. Kichwa hiki hapa hakikuwahi kujifunza kitu.)

Wande aliomba kuiona. Nikakataa. Nikamwambia mafundi wakubwa hawaonyeshi kazi kabla ya siku yake. Hakuna fundi yeyote aliyewahi kusema hivyo, niliyatunga mwenyewe kwa majigambo. Leo asubuhi baka likaonekana limefifia, nikaliongezea rangi ya mafuta, nzito, ing'ae. Nikaifunika picha kwa kitenge.

Leo ndiyo ilikuwa sherehe ya shukrani ya kupona kwa mama mkwe. Turubai limefungwa uani kwake, spika zinaunguruma, pilau linanukia. Ukoo umetoka Mwandoya, Zagayu, mpaka Kimali. Na Doto naye alikuja. Mjomba Maduhu alimwalika kwa siri, akamkalisha safu ya nyuma kabisa. Na MC ni yuleyule wa harusi. Alikuja kuomba kazi hii bure ili asafishe jina. Wande, mimi nisiwepo, alimkalisha chini akamfundisha: baka la kulia ni Kulwa, la kushoto ni Doto. Jamaa akawa anatembea anajirudia kimoyomoyo.

Nikapewa maiki. Mngeniona. Nimevaa koti, na kofia ya duara nimeiinamisha upande mmoja.

"Ndugu zangu, mwadila." Wakaitikia salamu yangu ya Kisukuma. Nikawapa shule. Nikawaambia Uhispania ilitoa mafundi ambao dunia nzima imejifunza kwao. Nikawasimulia yule wa kioo, kwamba na yeye alikuwa mkwe wa watu, maana alimwoa binti wa mwalimu wake. (Hapo nilipigiwa makofi.) Nikawaambia kuhusu mwingine aliyemfuata baadaye sana, aliyekuwa kiziwi, akaichora familia ya mfalme bila kuipamba, wakatoka kama walivyo. Nikafika kwa yule wa karne iliyopita, anayeweka macho mawili upande mmoja wa uso. Nikasema huyo alistaajabia vinyago vyetu sisi Waafrika, na alipokuwa mzee akairudia picha ya yule wa kioo mara nyingi, kwa sababu hata fundi mkubwa ana mtu wa kumheshimu.

Mjomba Maduhu akaniuliza kutoka mezani, "Mkwilima, mkwe wetu, hao wote wanakuja kula?"

Nikaona bora nifupishe. "Leo na mimi," nikasema, "nimemchora mama yetu kwa njia hiyohiyo ya kioo. Karibuni mumwone." Nikavuta kitenge.

Vigelegele vikaanza. Halafu vikaishia njiani. Mnajua kigelegele kikikatika katikati kinavyokuwa, kinabaki mtu mmoja tu mwenye masikio mazito.

Wande akanisogelea. "Umemchora nani?"

"Mama yako."

"Mama baka lake liko huku," akasema, akajigusa shavu la kulia. Akaitazama tena picha. Akaniangalia. "Limbu, umemchora mama mdogo."

 Nikageuka kumtafuta MC nimwambie apige muziki, apige hata wimbo wa taifa. Nimechelewa. Jamaa alikuwa ameinama mbele ya picha, ananyoosha kidole shavuni, anahesabu kushoto na kulia. Akasimama wima, amejaa imani.

"Safari hii sikosei! Mama yetu mdogo Doto, karibu mbele upokee picha yako!"

Kule nyuma kiti kikasukumwa. Nikasikia ndala nisizozizoea zinakuja mbiombio. Doto alifika, akaiangalia picha, akaweka mikono mdomoni. Halafu akaanza kulia.

"Dada," akasema, na maiki ikanasa kila kitu, "mimi nilichukua blanketi lako mbele za watu, na wewe unanipa hii?"

Akamkumbatia mama mkwe. Watu wakapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Mama mkwe alikumbatiwa akiwa amekaza mikono kama nguzo ya umeme. Na mimi nilikuwa naangalia kule kwenye pindo la khanga, lile fundo la ufunguo. Nikaona vidole vyake vinalikaza.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Upatanisho umetokea, kaa kimya. Lakini nilimkumbuka yule mama wodini, anaogopa kusahauliwa kwa sababu ya sura ya mwenzake. Na mimi, kwa mkono wangu, kwa rangi nzuri kabisa, nimemfanyia kitu kilekile alichokiogopa. Roho iliniuma, nawaambia ukweli. Nikaona Doto ameshaibeba picha anaelekea nayo kwenye kiti chake, nikakurupuka.

"Mama mdogo, subiri. Huyo siyo wewe. Ni makosa ya kioo!"

Nikashika upande mmoja wa picha. Yeye kashika mwingine, mama mkwe kasimama kando yetu. Yaani mkwe anang'ang'aniana na mkwe wake mbele ya ukoo. Kule nyuma wazee walianza kusimama. Nikapiga hatua, nikakanyaga kile kitenge kilichokuwa kimefunika picha, mguu ukateleza. Nikaenda chini na picha yangu, uso kwa uso.

Nilipoinua kichwa nilikuwa miguuni pa wakwe wawili, na kwa bahati mbaya nikawaangalia. Wote. Usoni. Sura ileile mara mbili, moja inalia, nyingine imekunjamana. Sikujua jicho lipi la nani. Ndipo nikamwelewa vizuri yule Mhispania wa macho mawili upande mmoja. Kumbe na yeye aliwahi kuangukia kwa wakwe.

 Mjomba Maduhu akanikazia macho, akasogea karibu, akaniinamia.

"Jamani," akasema, "Kulwa, Doto, na Shija huyu hapa."

Kama hamjui, kwetu anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija. Nikajigusa shavu. Vidole vikatoka vyeusi. Lile baka la rangi mbichi lilikuwa limehamia kwangu.

Turubai nusura lianguke kwa kicheko. MC alicheka kwenye maiki. Wande alijifunika khanga, mabega yanacheza. Na wale mapacha, wadau, walicheka kwa sauti moja, wameshikana wasianguke, mmoja anamwambia mwenzake "Mayu, mayu," yaani mama wee, mpaka wakakaa chini. Mimi nikabaki nimepiga magoti, natamani ardhi inimeze na koti langu.

Baadaye Mjomba Maduhu aliniita nyuma ya jiko nijieleze. Nikajieleza. Kwamba nilifuata heshima, kwamba kioo hugeuza, kwamba hata yule Mhispania aliwaweka mfalme na malkia kwenye kioo.

"Na huyo mfalme," akauliza, "alikuwa na pacha?"

Nikaokota sufuria, nikaanza kuisugua.

Picha amekwenda nayo Doto. Baka limebaki ukungu tu, amesema litamfaa hivyohivyo, na blanketi atalirudisha. Mama mkwe ameuficha ufunguo kifuani, fundo kwenye khanga halipo tena. Jioni akamtuma Wande, na Wande kanisimamia hapa mlangoni akanifikishia neno kwa neno. Anasema haki yake bado hajaipata. Anasema wajukuu wanakua. Anasema kesho asubuhi nikakae mbele yake, karibu, nimwangalie usoni mpaka nimalize.

"Na mila je?" nikamuuliza Wande.

"Amesema kama heshima ndiyo hii uliyomfanyia leo, basi kesho umkosee adabu kidogo. Na kioo cha watu ukirudishe saluni."

Hivyo ndivyo nilivyo sasa, nasugua shavu kwa tina ya kuyeyushia rangi huku nafanya mazoezi ya kuangalia watu machoni. Nimeanza na mbuzi wa jirani, na yeye ndiye aliyekwepesha macho. Mnaotaka kucheka chekeni leo, ila kesho asubuhi mniombee.