Jinsi Cleophace wa Kamuli Alivyougandisha Mulamba

Sikilizeni, enyi watu wa Kamuli na Mabira, nanyi wa Kihanga mnaokuja kwetu siku za gulio mkidhani kwenu ndiko mambo hutokea! Sogezeni vigoda, zimeni redio, anayemenya ndizi na amenye polepole, kwa maana inakuja habari kubwa, yenye jemadari na hasimu, yenye usaliti na mapatano, yenye mbio za pikipiki katika barabara ya vumbi. Wengine wameandikwa katika tarehe kwa kuvunja ngome na kuteka ng'ombe elfu. Huyu tunayemsimulia hakuteka hata kuku. Aligandisha maji ya ndizi. Atakayecheka na acheke sasa, tumalizane, ndipo tuendelee.

Jina lake Cleophace, mwana wa Jovitus, Bwana wa Mtumbwi, Mkamuaji Asiyechoka, ambaye tangu ujana wake hakuna harusi iliyowahi kurudisha nyumbani rubisi yake, pombe ya ndizi, hata kibuyu kimoja. Mtumbwi wake haukuelea popote. Ulilala nyuma ya jiko, gogo lililochongwa tumbo, na ndani yake ndizi mbivu zilikamuliwa kwa nyasi hadi zikatoa mulamba, yale maji matamu ambayo hata mtoto hunywa, kabla hayajatiwa unga wa mtama uliokaangwa yakaamka kesho yake yakiwa pombe. Mikono ya mtu huyu ilikuwa imeifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, nayo haikuhitaji tena kumwuliza mwenyewe. Likumbukeni hilo la mikono.

Na mkewe alikuwa Mackrine, Mwenye Sauti, ambaye akisimama mlangoni na kuita, huitika watu wa shamba la tatu ambao hawakuitwa. Aliusemesha mgomba ulioinama, aliisemesha mvua ikichelewa, na zaidi ya vyote alimsemesha Cleophace: kwa habari ya viatu vyake, kwa habari ya kahawa aliyoianika vibaya, kwa habari ya mlango ambao kila siku huurudisha nusu na kuuacha. Cleophace alizoea kunung'unika kwamba hajapata kumaliza sentensi katika nyumba yake. Basi ilifika wiki akapata nafasi ya kuzimaliza zote, na hakuipenda hata kidogo.

Kwa maana Mackrine alikuwa amekatwa mafindofindo. Ijumaa alipasuliwa, Jumapili akarudi nyumbani, akaonja uji mara moja tu. Uliposhuka kooni machozi yakamtoka, akalisukuma bakuli, na tangu saa ile hakumeza kitu ila maji kwa kijiko, tena kwa kubembelezwa. Hakusema neno. Alichokitaka alikiandika katika daftari la zamani la shule. Nyumba ikanyamaza hata Cleophace akaisikia saa ya ukutani, ambayo miaka yote hakujua kama inalia.

Jumanne asubuhi muuguzi akapiga simu, akanena kama hakimu aliyekwisha kufunga jalada.

"Baba, kama hadi kesho jioni mama hajaanza kula, mrudishe huku tumwekee dripu. Mpe kitu cha baridi, laini, kisicho na uchachu. Nanasi hapana. Pasheni hapana. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, sista."

Mackrine alikuwa amesikia yote. Aliandika SIRUDI HOSPITALI, akapiga mistari miwili chini yake, kisha akageukia ukutani. Cleophace akaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa amemwona mkewe akikasirika kwa namna arobaini, na zote alizijua kwa majina, lakini akiogopa hakuwahi kumwona. Naye akaogopa.

Akatoka nje, akapanda kwenye kichuguu ambapo mtandao hupatikana, akampigia binti yao Joanitha aliyeolewa Bukoba.

"Shikamoo taata. Mtengenezee sorbeti," akanena Joanitha. "Ni barafu ya matunda, haina maziwa. Unachukua maji ya tunda, unatia sukari kikombe kimoja, unaweka kwenye friza. Lakini kila nusu saa uikoroge kwa uma, isije ikawa jiwe. Ukisahau kukoroga, umekwisha."

"Tunda gani, mwanangu?"

"Mwulize mama."

Akarudi ndani, akamwuliza. Mackrine akakaa na kalamu muda mrefu, kisha akaandika: mulamba. Akafikiri, akaongeza neno moja: wako.

Cleophace akalisoma mara tatu. Kisha akajifunga shuka kiunoni kama mtu anayekwenda vitani, maana ndiko alikokuwa anakwenda.

Ikawa alasiri ile, ndizi kisubi zilizokuwa zimevundikwa shimoni siku tano zikatolewa, zikavuliwa maganda, zikapangwa mtumbwini safu kwa safu. Naye jemadari akanawa miguu hadi magotini, akazishukia kwa nyasi na kwa nyayo, akazikanyaga, akazipindua, akazirudia, hata zikasalimu amri na mulamba ukajaa, wenye rangi ya asali. Na muda wote huo aliwaza juu ya friza, ataipata wapi, na uma, na hizo nusu saa zitahesabiwaje. Alipokuwa akiwaza, mikono yake iliendelea na kazi. Ikachota unga wa mtama. Ikaunyunyiza. Ikafunika mtumbwi kwa majani ya mgomba, ikabana kwa mawe, ikajipangusa. Cleophace akaingia ndani akala chakula chake kwa furaha, asijue kwamba amesalitiwa na jeshi lake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumatano akafunua majani, akakuta povu.

Ilikuwa rubisi nzuri, tusimdhulumu. Lakini pombe haigandi kwa amri ya mtu, tena ingemchoma Mackrine koo lile bichi, naye Mackrine hajapata kuonja rubisi tangu azaliwe. Alikuja taratibu hadi mlango wa jiko akiwa amejifunga kitenge, akanusa, akaandika: HIYO NI POMBE. Akamtazama mumewe usoni, akaelewa, akaandika tena: ni mikono? Cleophace akatikisa kichwa kukubali. Mackrine akarudi kitandani.

Hapo Cleophace akaketi juu ya ukingo wa mtumbwi, akainyoosha mikono yake mbele yake, akaihutubia.

"Enyi mikono, niliwalisha nini kibaya? Nimewapaka mafuta, nimewavisha glavu wakati wa kupulizia dawa kahawa, sikuwahi kuwainua juu ya mke wala mtoto. Siku moja tu nimewaomba msifanye kitu. Siku moja! Na hamkuweza."

Saa ilikuwa inakwenda. Ndizi nyingine mbivu hakuwa nazo. Za shambani zingetaka siku tano shimoni, naye alikuwa na mchana mmoja. Katika Kamuli nzima mtu mmoja tu alikuwa na kisubi zilizoiva siku hiyo, naye alikuwa Niyonsenga, mjane wa ng'ambo ya bonde, Mkamuaji wa Pili kwa hesabu ya Cleophace na wa Kwanza kwa hesabu yake mwenyewe. Kwa miaka kumi wawili hao walikuwa wakionja pombe ya mwenzao kwenye misiba na harusi, wakisema "si mbaya", na kuishia hapo. Cleophace akavuka bonde.

"Kasinge waitu, Niyonsenga," akasalimu akisimama uani kofia mkononi. "Nimekuja kwako bila silaha. Nina mtumbwi mzima wa rubisi iliyoumuka tangu jana, nami siihitaji. Wewe unazo ndizi unazotaka kuzikamulia wageni wa kesho. Chukua changu kilichochacha, unipe chako kitamu, na nchi iwe na amani."

Niyonsenga akauegemea mpini wa jembe.

"Yaani wageni wa posa ya binti yangu wanywe rubisi yako, Cleophace, waisifu mbele yangu, nami nikae pale natabasamu?"

"Sema ni yako."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya wageni. Mungu mimi nitazungumza naye." Akaikunja kofia. "Ni ya Mackrine. Hajala tangu Jumapili. Leo jioni wanamchukua."

Niyonsenga akauliza: "Amesema chochote?"

"Hajasema."

"Mwaka ule nilipofiwa," akanena Niyonsenga, na sasa hakuwa anahutubia mtu, "Mackrine alikuja hapa kila asubuhi kunisemesha. Mara uji wangu mzito, mara sijafagia. Nilimchukia kabisa. Nikawa naamka mapema nifagie ili asipate la kusema." Akaliweka jembe chini. "Chukua ndizi. Lakini utakamulia hapa hapa, macho yangu yakikuona, na mtama naufungia chumbani."

Hivyo ndivyo Bwana wa Mtumbwi alivyokamua katika mtumbwi wa hasimu wake, chini ya ulinzi, na mlinzi ameshika ufunguo mkononi kila mara mikono ile ilipojinyoosha kutafuta kitu pembeni. Nayo ilijinyoosha mara mbili.

Saa sita kasoro alifika na sufuria la mulamba dukani kwa Jovitha, kwenye kituo cha biashara, ambapo ipo friza ya soda na samaki. Akiwa kaunta akatia sukari kikombe kimoja kama Joanitha alivyoagiza, bila kuonja, kwa kuwa agizo ni agizo.

"Shikamoo baba," akasema Jovitha. "Sufuria weka. Ila friza haifunguliwi ovyo, sato wangu wataharibika."

"Marahaba, binti. Itafunguliwa kila nusu saa, kwa uma."

"Kwa uma?"

"Kwa uma."

Jovitha alikuwa na wateja, akaliacha. Na hapo ndipo palipopiganwa vita vyenyewe. Mara ya kwanza Cleophace alikuta maji. Mara ya pili, maji. Mara ya tatu barafu ilikuwa imeshika kingo za sufuria kama adui aliyezingira mji, naye akaivunja kwa uma na kuirudisha katikati. Mara ya nne ikarudi na ndugu zake, akaivunja tena. Na kila alipoinua kifuniko Jovitha alishusha pumzi kwa nguvu, wasikie na walio nje. Saa nane na nusu umeme ukakatika. Duka likaguna. Cleophace akavua koti akaifunika friza, akaongeza gunia la kahawa, kisha akailalia yeye mwenyewe kifua na mikono.

"Baba," akasema Jovitha, "hilo joto lako ndilo litakaloiyeyusha."

Akashuka, akasimama hatua tatu mbali, akasali kimoyomoyo. Umeme ulirudi baada ya dakika kumi na mbili, ambazo yeye atakuambia zilikuwa saa mbili. Na ilipotimu saa kumi akainua kifuniko mara ya mwisho, akachomeka uma, ukasimama wenyewe.

Sufuria likafungwa kwa majani ya mgomba, likafungwa kwa gunia, likafungwa kwa koti, na shujaa akalipakata nyuma ya bodaboda ya Egbert, akaamuru iende. Jua lilikuwa kali bado. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Cleophace aliwapita watu bila kuwasalimia, wakiwemo katekista na shangazi yake mzaa baba, na wiki iliyofuata alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Alifika akaingia chumbani na vumbi lake lote, akafungua gunia mbele ya Mackrine. Kingo zilikuwa zimeyeyuka. Katikati ilisimama imara, ya kahawia, ikitoa moshi mwembamba wa baridi. Akaichota katika bakuli, akampelekea kijiko mdomoni.

Mackrine akafumba macho, akapokea. Akaiacha ulimini. Akameza, akashika shuka kwa nguvu akingoja maumivu, akangoja, na vidole vikaachia kimoja kimoja. Akafumbua mdomo. Kijiko cha pili. Cha tatu. Cha saba alichukua kijiko mwenyewe. Cleophace alisimama pale, hajui aweke wapi mikono yake. Na bakuli lilipokwisha, ikatoka sauti ndogo yenye mikwaruzo, ambayo isingefika hata jikoni.

"Nani amekuambia mulamba unatiwa sukari?"

"Joanitha," akajibu Cleophace.

"Na mlango hujafunga."

Basi na iandikwe, enyi watu wa Kamuli, isomwe na watoto wa watoto wenu, kwamba Jumatano ile, saa kumi na moja kasorobo, mulamba uliganda na ukaliwa. Kwamba dripu ilibaki hospitali. Kwamba kesho yake wageni wa posa walisifu rubisi ya Niyonsenga kuliko zote walizowahi kunywa, naye akasema "si mbaya". Na iandikwe pia kwamba Cleophace, mwana wa Jovitus, Mshindi wa Friza, alikwenda mlangoni akasimama huko kitambo akijifuta uso, kisha akaurudisha mlango nusu tu, akauacha, akarudi kuketi kando ya kitanda, akangoja aambiwe.